Gitaa la kwanza la roki: tazama shingo kabla ya umbo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Mafinga, napiga gitaa la rithimu kwenye kwaya ya kanisa letu, ila gitaa ni mali ya kanisa na siruhusiwi kutoka nalo. Nimedunduliza hadi nimefikisha laki tisa, nataka gitaa langu mwenyewe la umeme. Kwenye simu huwa nasikiliza roki: AC/DC, Black Sabbath, Nirvana. Rafiki yangu mmoja anasema ninunue lile lenye umbo la V kama la wapigaji wa metali, ile roki nzito. Mwingine anasema bila Gibson hakuna roki. Baba mdogo, ambaye zamani alipiga dansi, anasema huo ni muziki wa Wazungu na pesa yangu itapotea bure. Ninunue gitaa lipi? Na je, seremala wa huku kwetu anaweza kunitengenezea kwa mbao za paini za Sao Hill?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na hongera kwa kudunduliza. Kwa kifupi, nunua gitaa lenye shingo iliyonyooka na daraja (kile chuma mwilini kinachoshika nyuzi) lililotulia, la kampuni yoyote iliyolitengeneza vizuri, na usitumie zaidi ya laki tano kati ya hizo tisa. Laki nne zinazobaki ni za ampu (kikuza sauti), kebo, nyuzi na mkono wa fundi. Anayekushauri umalize zote kwenye gitaa atakurudisha Mafinga na chombo kizuri kisicho na pa kuchomekwa. Roki unayoisikia kwenye simu inatoka kwanza mkononi mwa mpigaji, halafu kwenye ampu, halafu ndiyo kwenye gitaa.

Chukua hao hao unaowapenda. Tony Iommi wa Black Sabbath ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vyake vya kulia ndivyo vinavyobonyeza nyuzi. Akiwa na miaka 17, kiwandani Birmingham, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono huo. Alijitengenezea vikofia vya plastiki iliyoyeyushwa, akavifunika kwa ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba kuliko zote alizoweza kuzipata, hata za banjo. Kufikia albamu ya tatu, mwaka 1971, alikuwa akizilegeza nyuzi nusu-sauti tatu chini ya kawaida ili zisimuumize. Ule uzito unaokusisimua, ambao wapigaji wa metali wameuiga tangu wakati huo, una asili yake kwenye vidole vilivyojeruhiwa na mtu aliyekataa kuacha. Tena albamu yao ya kwanza, iliyotoka Februari 1970, ilirekodiwa kwa siku moja. Iommi aliingia studio na gitaa la Fender Stratocaster, pikapu (kisanduku kinachonasa sauti ya nyuzi) ikamharibikia baada ya wimbo wa kwanza, akachukua Gibson SG aliyokuja nayo kama akiba na kumalizia kazi nayo. Wengi wanaipenda albamu ile miaka nenda rudi bila kujua kwamba gitaa lilibadilishwa humo ndani.

Rafiki yako anayeapa kwa Gibson huenda ameona picha za Jimmy Page wa Led Zeppelin akiwa na Gibson Les Paul. Picha hizo ni za kweli, na Les Paul, iliyoanza kuuzwa mwaka 1952, ni chombo cha heshima. Lakini kwenye albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, ya Januari 1969, gitaa la umeme unalosikia karibu kote ni Fender Telecaster, gitaa ambalo wengi walilihesabu kuwa la wapiga kantri, lililochomekwa kwenye ampu ndogo. Kurt Cobain wa Nirvana naye alipiga magitaa ya bei nafuu na ya mitumba. Mkwaruzo wake ulitoka kwenye pedali (kifaa cha kubadili sauti kinachokanyagwa kwa mguu) ndogo ya rangi ya chungwa ambayo hadi leo inauzwa kwa bei ya kawaida.

Kuhusu Gibson yenyewe nikuonye kabisa. Gibson halisi hutengenezwa Marekani, na laki tisa hazifikii hata lililotumika. Ukiuziwa "Gibson" mpya kwa laki nne, umeuziwa nembo. Kampuni hiyo inamiliki Epiphone, ambayo hutoa maumbo yaleyale kwa bei ya chini, na Fender nayo ina Squier. Ongeza hapo Yamaha, hasa aina ya Pacifica iliyoanza mwaka 1990, pamoja na Ibanez za bei ya kati. Mimi nikiwa na kijana anayeanza, nikaona Pacifica iliyotumika yenye shingo nzima, sitafuti zaidi.

Lile la umbo la V ningeliacha kwa sasa. Ukikaa kwenye kiti linateleza pajani, na utakuwa unafanya mazoezi ukiwa umekaa kwa saa nyingi kuliko utakazosimama jukwaani. Kubwa zaidi, mengi ya magitaa ya metali huja na daraja linaloelea, lile linaloshikiliwa na springi na kufungwa nyuzi kwa skrubu. Uzi mmoja ukikatika, mvutano wa springi unabadilika na nyuzi tano zilizobaki zote zinatoka kwenye tyuni, yaani zinapoteza sauti yake sahihi. Fikiria hilo likikupata katikati ya ibada, na duka la nyuzi liko Iringa au Mbeya. Chukua daraja lililofungwa moja kwa moja kwenye mwili wa gitaa. Likitoka kwenye tyuni unalirudisha kwa nusu dakika.

Kuna uamuzi mmoja kuhusu pikapu, yale masanduku madogo chini ya nyuzi. Pikapu ya koili moja ina sauti kali na safi, lakini inanasa mvumo wa umeme wa ukutani. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo huo ni ile "mmmm" nzito unayoisikia kanisani mtu anapoacha kupiga, hasa kwenye majengo ambayo waya wa ardhi haukufungwa vizuri. Mwaka 1955 fundi wa Gibson, Seth Lover, alitatua tatizo hilo kwa kuweka koili mbili zilizosukwa kinyume, na ncha ya sumaku ya moja ikiwa kinyume na ya nyingine. Sauti ya nyuzi inajumlishwa, mvumo unafutana. Kwa roki yenye mkwaruzo mwingi, ambao hukuza na mvumo pia, tafuta gitaa lenye angalau pikapu moja ya koili mbili karibu na daraja. Nyingine ziwe za koili moja ukipenda. Mpangilio huo utakuhudumia kwenye roki Jumamosi na kwenye kwaya Jumapili.

Sasa tuingie kwenye kulikagua, maana hapa ndipo pesa inapookolewa au kuliwa. Ukienda Mbeya kutafuta la mitumba, iwe Mwanjelwa au kwa mtu anayeuza nyumbani, nenda mchana. Beba tyuna ya kwenye simu, kebo yako, bisibisi ndogo na funguo za pembe sita. Usianze kwa kupiga. Shika gitaa kama anayelenga shabaha, jicho kwenye kichwa, utazame shingo hadi kwenye mwili. Pande zote mbili za ubao wa vidole zinapaswa kwenda sambamba. Upande mmoja ukiwa umeinuka na mwingine umelala, shingo imejikunja kama kamba inayosokotwa, na hilo halina dawa. Rudisha, shukuru, ondoka.

Ikiwa iko sawa, bonyeza uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vilivyolazwa kukatiza shingo) ya kwanza kwa kidole kimoja, na kwa mkono mwingine pale shingo inapokutana na mwili. Uzi sasa umekuwa rula yako. Tazama freti ya saba: kati ya chuma na uzi paonekane upenyo mdogo, unene wa vocha ya kukwangua hivi. Pasipo na upenyo kabisa, shingo imejipinda kwenda nyuma na nyuzi zitagongagonga. Upenyo ukiwa mkubwa, imejipinda mbele na utakuwa unabonyeza hadi vidole viume. Yote mawili hurekebishwa kwa fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, mradi skrubu yake ni nzima. Hakikisha ufunguo unaingia na kushika. Mwombe muuzaji azungushe robo ya mzunguko mwenyewe. Akikataa, jiulize kwa nini.

Baada ya hapo piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, bila ampu. Inachosha, lakini usiruke hata moja. Unatafuta mahali ambapo sauti inakufa au inakwaruza. Kwenye freti za juu vuta uzi pembeni, jinsi wapiga solo wanavyovuta, usikilize kama sauti inakatika katikati. Tazama freti zenyewe chini ya nyuzi nyembamba. Mitaro midogo ni ya kawaida kwa gitaa lililopigwa, na fundi anaweza kuisawazisha. Ikiwa chuma kimeliwa hadi karibu na mbao, bei ya kubadilisha freti zote itakuzidi. Kisha gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya kumi na mbili bila kubonyeza, upate ile sauti ya juu inayong'aa. Halafu ubonyeze hapohapo na upige. Tyuna ikuonyeshe noti moja. Tofauti ndogo hurekebishwa kwenye daraja kwa bisibisi, lakini ikiwa skrubu za daraja zimeshafika mwisho na noti bado haziendani, liache.

Magitaa yenye kichwa kilichoinama nyuma, kwa mtindo wa Gibson na Epiphone, yanavunjika kirahisi nyuma ya kichwa yakianguka. Pitisha ukucha nyuma ya shingo pale inapoanza kichwa. Ufa uliogundishwa na kupakwa rangi utausikia kwa ukucha kabla ya kuuona. Mwisho chomeka kwenye ampu, zungusha kila kitufe kuanzia sifuri hadi kumi, tikisa jeki. Mikwaruzo ya vitufe isikutishe, ni vumbi, na fundi redio yeyote mwenye dawa ya kusafishia ataimaliza. Jeki (tundu la kuchomekea kebo) inayokatakata nayo ni kazi ya risasi kidogo ya kuchomelea. Hayo ni mambo ya kukupunguzia bei, si ya kukufanya uondoke.

Unaona kwamba sijataja rangi wala nembo. Vyote hivyo havikufanyi upige vizuri zaidi.

Ampu ina hatari zake, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Ampu nyingi za mitumba zinatoka Japani na Marekani. Ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha, itaungua mara moja, na muuzaji atasema aliijaribu ikawaka. Geuza ampu nyuma, soma kibandiko kabla ya kuuliza bei. Kisiposomeka, usinunue. Kwa chumba cha nyumbani wati 10 hadi 20 zinatosha. Ukipata ndogo inayokubali na betri, nunua hiyo, umeme ukikatika mazoezi yanaendelea.

La pili ni waya wa ardhi. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na ardhi ya ampu kupitia daraja. Ukishika nyuzi huku midomo yako ikigusa maikrofoni iliyochomekwa kwenye mfumo mwingine, na mmoja wao hauna ardhi nzuri, mwili wako ndio unakuwa njia. Mei 1972, mjini Swansea, Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani kwa kushika maikrofoni isiyo na ardhi. Kwenye mikutano ya injili ya vijijini, jenereta nje na nyaya zimeungwa kwa mikono, hatari hiyo ipo. Kabla ya kuimba, gusa maikrofoni kwa uzi wa gitaa, si kwa mdomo. Ukiona cheche, zima kila kitu mtafute fundi umeme. Na usikubali mtu akate ule mguu wa tatu wa plagi ili iingie kwenye soketi.

Kuhusu nyuzi: anza na seti yenye unene wa inchi 0.009 hadi 0.042, au 0.010 hadi 0.046 ukiwa na vidole vilivyozoea gitaa kavu. Magitaa ya mtindo wa Fender yana nyuzi za urefu wa milimita 648 kutoka juu ya shingo hadi darajani, ya mtindo wa Gibson kama 628. Kwenye lile refu nyuzi zilezile zinakuwa ngumu kidogo. Nunua seti mbili kwa mpigo, maana Mafinga hutazipata kila ukizitaka.

Hali ya hewa yetu nayo haizungumzwi vya kutosha, ilhali ndiyo inayoharibu magitaa mengi Nyanda za Juu Kusini. Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Gitaa likitulia kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55 linadumu. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi kavu na upepo wa Mafinga na Njombe hunyonya unyevu kwenye ubao wa vidole, mbao inasinyaa, chuma cha freti hakisinyai, na ncha zake zinaanza kuchomoza pembeni na kukukwaruza mkono. Wengi hudhani wameuziwa gitaa bovu. Fundi anazipiga tupa ncha hizo kwa muda mfupi, na mvua za Novemba zikirudi shingo nayo itataka kurekebishwa kidogo upande mwingine. Kwa wenzako wa Tukuyu tatizo ni la kinyume: unyevu wa mwaka mzima, nyuzi zinashika kutu na vyuma vya pikapu pia. Popote ulipo, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga, na gitaa likae kwenye mfuko wake, mbali na ukuta unaopigwa jua na mbali zaidi na jiko la mkaa. Usiku wa Julai wengi tunaingiza jiko chumbani kwa sababu ya baridi. Hewa yake ni hatari kwako kwanza, na kwa mbao pia. Safarini, ingia nalo ndani ya basi. Kwenye buti kuna magunia.

Nije kwa baba mdogo. Mpe salamu zangu, na umwambie ninamheshimu kila aliyewahi kusimama usiku kucha akipiga dansi, ila kwa hili sikubaliani naye. Barabara inayopita Mafinga ukiifuata kuelekea kusini, ukapita Makambako na Mbeya, ukavuka Tunduma na kuendelea, inakufikisha mwisho wa safari Copperbelt, kwenye migodi ya shaba ya Zambia: Ndola, Kitwe, Chingola. Miaka ya 1970, wakati reli ya TAZARA ikilazwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, vijana wa miji hiyo walikuwa wakipiga roki nzito kwa magitaa yenye fazi, mkwaruzo mzito wa pedali, hadi spika zinalia. Muziki wao unaitwa Zamrock. Walikuwapo WITCH, na mwimbaji wao Emmanuel Chanda akajulikana kama Jagari, kwa kumfuata Mick Jagger wa Rolling Stones. Walikuwapo Amanaz, Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, na Paul Ngozi na bendi yake ya Ngozi Family, ambaye gitaa lake ningependa kila kijana wa Mbeya na Iringa alisikie. Waliimba kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. Rais Kenneth Kaunda alitaka redio ya taifa ijaze muziki wa Wazambia, na bendi zikapata pa kusikika. Kisha bei ya shaba ikaporomoka, uchumi ukabana, na miaka iliyofuata UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Jagari alibaki, akaifufua WITCH, na mwaka 2023 bendi ikatoa albamu mpya.

Kwa hiyo roki ilishapigwa na majirani zetu wa mpakani, kwa vyombo vya shida, miaka hamsini iliyopita. Hata Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946. Na Brian May wa bendi hiyohiyo alilitengeneza gitaa lake mwenyewe na baba yake, kuanzia 1963, shingo wakiichonga kutoka kwenye mbao ya jiko la kuotea moto la zamani, na springi za daraja wakizitoa kwenye pikipiki. Amepiga nalo maisha yake yote, na kuchapa nyuzi kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza.

Lakini usimpuuze baba mdogo, kwa sababu ana kitu ambacho simu yako haiwezi kukufundisha. Dansi letu lilisimama juu ya magitaa yanayopokezana: solo, solo ya pili, rithimu, besi, kila moja na njia yake, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Sikiliza solo za Mbaraka Mwinshehe enzi za Morogoro Jazz, kisha usikilize kinachofanyika nyuma yake. Sasa rudi kwa AC/DC. Kila mtu anamtazama Angus Young na kaptula yake ya shule. Wewe mpiga rithimu msikilize kaka yake Malcolm, aliyefariki 2017. Alipiga gitaa la Gretsch alilolitoa pikapu ikabaki moja, nyuzi nene, na ampu yenye sauti kubwa lakini mkwaruzo mdogo. Kila kodi unaisikia uzi kwa uzi, inakata pale pale ngoma inapokata, halafu kimya, halafu inarudi. Kimya kile kati ya kodi na kodi ndicho kinachowafanya watu watikise vichwa. Wanaoanza hufungua gaini (kitufe cha mkwaruzo kwenye ampu) hadi mwisho wakidhani hiyo ndiyo roki, na kodi zao zinageuka uji. Weka gaini katikati, piga kwa nguvu ya mkono, na tumia ubavu wa kiganja kuzima nyuzi karibu na daraja.

Mwombe baba mdogo apige rithimu yake ya dansi bila kuharakisha, wewe upige rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) moja ya AC/DC juu ya mwendo huohuo, gaini ikiwa chini. Fanyeni hivyo jioni kadhaa. Utagundua mkono wake wa kulia umetulia kuliko wako, na hapo ndipo uanze kumuuliza maswali. Baada ya Malcolm nenda kwa Iommi, upate kujua jinsi rifu ya noti chache inavyobeba wimbo mzima. Halafu WITCH na Amanaz, usikie namna besi inavyotembea wakati gitaa linakwaruza, kwa sababu mwendo ule utautambua haraka kuliko wa Birmingham. Nirvana unaweza kuwaacha mwisho. Kodi zao utazishika kwa siku chache tu.

Na seremala? Mwili wa gitaa anaweza, shingo asijaribu bado. Mbao za paini si za kudharauliwa: magitaa ya majaribio aliyotengeneza Leo Fender mwaka 1949, kabla ya Telecaster kuingia sokoni, yalikuwa na mwili wa paini, na leo zipo Squier zinazouzwa na mwili wa paini. Chagua ubao mkavu kwelikweli, uliokaa ndani kwa miezi na si ule uliotoka kiwandani wiki iliyopita, usio na vifundo pale skrubu zitakapoingia. Gundisha vipande viwili au vitatu upate upana, unene uwe milimita 44 hadi 45. Mninga unavutia na haujipindi sana ukikauka, ila una uzito, na bega litakueleza kabla ibada haijaisha.

Shingo ni suala la hesabu. Umbali wa kila freti unapatikana kwa kugawanya urefu uliobaki kwa 17.817, kuanzia juu kuja chini, na ya kumi na mbili lazima iangukie nusu kamili: milimita 324 kwa gitaa la 648. Freti ikikosea hata nusu milimita, sikio litaisikia na hakuna tyuna itakayoitibu. Kwa hiyo tafuta shingo nzima kwenye gitaa lililovunjika mwili. Yapo, na hupatikana kwa bei ndogo. Mpelekee seremala shingo yenyewe mkononi, pamoja na daraja, kabla hajashika msumeno, asikate kwa kutazama picha ya kwenye simu. Avute mstari mmoja wa penseli katikati ya ubao kutoka mwanzo hadi mwisho. Tundu la kuingilia shingo lipimwe kutoka kwenye mstari huo na lishike shingo bila kucheza. Daraja lifungwe mwisho, shingo ikiwa imeshakaza skrubu zake nne, huku vijiti vya kurekebishia noti vikiwa katikati ya njia yake, milimita 648 kutoka pale juu nyuzi zinapoanzia.